Nukta Moja Haielezi Mwendo: Kinasa Kumbukumbu cha Ndege na Ufundishaji wa Grafu

Katika shule zetu za msingi, somo la grafu aghalabu hufundishwa kana kwamba ni somo la kuchora. Mwalimu huchora mihimili miwili ubaoni, huonyesha namna ya kugawa vipimio, huweka nukta, huziunganisha kwa rula, kisha huuliza: "Saa tatu gari lilikuwa limefika wapi?" Mtoto hufuata mstari kwa kidole, hujibu "kilometa 40", naye hupewa vema. Kwa maoni yetu, hapo ndipo somo lilipopasa kuanza, wala si hapo lilipopasa kwisha. Mtoto huyo amejua kusoma nukta, lakini hajajua kusoma mwendo. Hawezi kutueleza kama gari lilikuwa likienda mbio au polepole, kama lilikuwa likiongeza mwendo au likipunguza, au kama lilikuwa limesimama kituoni likingoja abiria.

Madhumuni ya makala haya ni kuwashauri wanachuo wanaojiandaa kufundisha Hisabati na Sayansi kwamba grafu ya mwendo ifundishwe kama ushahidi unaosomwa, si kama picha inayochorwa. Ili kuonyesha maana ya ushauri wetu, tumechagua mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali na darasa la tano: usomaji wa kumbukumbu zinazonaswa ndani ya ndege. Tumeuchagua kwa sababu moja. Katika kazi hiyo, mtu anayesoma grafu vibaya hakosi alama tu. Husababisha kosa lile lile lirudiwe na watu wengine wafe. Basi wanaofanya kazi hiyo wamelazimika kujifunza uangalifu ambao sisi walimu tunaweza kuuazima bila gharama yoyote.

Chombo chenyewe

Watu wengi hukiita kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya chungwa, ili kionekane upesi katika mabaki. Wazo la kuweka ndani ya ndege chombo kitakachotunza sauti za marubani pamoja na namba za safari lilitolewa katika miaka ya 1950 na mwanasayansi wa Australia, David Warren, wakati wa uchunguzi wa ajali za ndege za abiria za aina ya Comet. Baba yake Warren mwenyewe alikuwa amefariki katika ajali ya ndege mwaka 1934, nayo sababu yake haikupata kujulikana kwa yakini.

Vinasa vya zamani vilikwaruza mistari michache tu juu ya utepe wa madini: wakati, kimo, mwendo wa ndege katika hewa, upande uliokabiliwa na pua, na mtikiso wa juu na chini. Vinasa vya siku hizi hutunza mamia ya vipimo, na katika ndege kubwa huzidi elfu moja, kwa muda wa saa 25 zilizopita. Sanduku linalotunza kumbukumbu hizo hutengenezwa listahimili moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa saa nzima, na kina cha bahari cha mita 6,000.

Jambo moja hapa lafaa likumbukwe na kila mwalimu wa grafu. Kinasa hakiandiki mstari, kinaandika nukta. Kimo cha ndege kwa kawaida huandikwa mara moja kila sekunde. Mtikiso wa juu na chini, ambao hubadilika upesi zaidi, huandikwa mara 8 kila sekunde. Yaliyotokea baina ya nukta na nukta hayakuandikwa. Mstari tunaouona katika grafu ni wa mchoraji. Nukta ndizo za chombo. Mchunguzi mwenye busara hulijua hilo, wala hadai kujua zaidi ya anachokiona. Sisi nasi, tunapomwambia mtoto "unganisha nukta", tumweleze kwamba anakisia, na tumuulize kama kisio lake lina sababu.

Kimo kimoja, miendo miwili

Usiku wa tarehe 1 Juni 1, 2009, ndege ya Shirika la Air France, safari namba 447, ilikuwa ikivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris ikiwa na watu 228. Haikufika. Vinasa vyake vilikaa chini ya bahari, katika kina cha mita 3,900 hivi, kwa muda wa karibu miaka miwili, hata vikaopolewa kwa mashine mwanzoni mwa Mei 2011. Kumbukumbu zilisomeka. Taarifa ya mwisho ya wachunguzi wa Ufaransa ilitolewa Julai 2012.

Ilionekana kwamba saa 8 na dakika 10 usiku, kwa saa za Greenwich, ndege ilikuwa ikienda sawasawa katika kimo cha futi 35,000. Chembe za barafu ziliziba mirija inayopima mwendo wa ndege katika hewa. Vipimo vya mwendo vikaharibika kwa muda mfupi, na mtambo wa kujiendesha ukajizima. Rubani akaishika ndege kwa mkono, akaiinua pua. Ndege ikapanda hadi karibu futi 38,000, huku mwendo wake ukipungua. Hapo bawa lilishindwa kuibeba. Bawa huibeba ndege maadamu hewa inalijia kwa pembe ndogo. Pembe ikizidi kiasi, hewa hujitenga na mgongo wa bawa, na nguvu ya kubeba hupungua ghafla. Ndege ikaanza kuporomoka. Katika muda wa dakika moja na nusu hivi tangu mambo yaanze kuharibika, ilipita tena katika kimo cha futi 35,000.

Tunawaomba wanachuo wasimame hapa. Mara ya kwanza kimo kilikuwa futi 35,000. Mara ya pili kimo kilikuwa futi 35,000. Kama tungaliulizwa swali lile la ubaoni, "Wakati huu ndege ilikuwa wapi?", jibu lingalikuwa moja kwa nyakati zote mbili, na mwalimu angalitia vema mara mbili. Lakini mara ya kwanza ndege ilikuwa salama, na mara ya pili ilikuwa ikianguka kwa kiasi cha futi 10,000 kila dakika, yaani takriban mita 50 kila sekunde. Tofauti ya uhai na mauti haikuwamo katika nukta. Ilikuwamo katika mwinamo wa mstari uliopita katika nukta ile.

Hili ndilo jambo ambalo twataka mtoto wa shule ya msingi alielewe kwa namna yake: nukta hutuambia mahali, mwinamo hutuambia mwendo. Mstari uliolala humaanisha kitu hakibadiliki; mstari uliosimama zaidi humaanisha badiliko la haraka zaidi. Mtoto akilishika jambo hili, kanuni ya umbali kugawanywa kwa muda haitamwia maneno ya kukariri. Atakuwa ameiona kabla ya kuambiwa.

Pua ya chombo na njia ya chombo

Kumbukumbu za mwisho kabisa za ndege hiyo zilionyesha mambo ambayo msomaji asiyezoea huyaona kuwa yanapingana. Pua ilikuwa imeinuka nyuzi 16 hivi juu ya usawa. Injini zilikuwa zikifanya kazi. Hata hivyo, ndege ilikuwa ikishuka kwa kiasi cha futi 10,912 kila dakika. Mwendo wake kwa kupimwa juu ya uso wa bahari ulikuwa takriban kilometa 198 kwa saa.

Tuzigeuze namba hizo ziwe za kipimo kimoja, kazi ambayo mwanafunzi wa darasa la sita au la saba aweza kuifanya akisaidiwa. Futi 10,912 kwa dakika ni mita 55 hivi kwa sekunde. Kilometa 198 kwa saa nazo ni mita 55 kwa sekunde. Basi katika kila sekunde moja ndege ilikwenda mbele mita 55 na kushuka chini mita 55. Tukichora mraba wenye upande wa 55 na kupitisha ulalo wake, tumeipata njia ya ndege: nyuzi 45 kuelekea chini. Pua imetazama juu, chombo kinakwenda chini.

Kwa mtu wa pwani au wa maziwa makuu, jambo hili si geni. Nahodha anayevuka mkondo huelekeza omo ya chombo upande mmoja, na chombo chenyewe kikaenda upande mwingine. Anayetazama omo peke yake atadhani chombo kinakwenda Kaskazini. Anayetazama alama za nchi kavu atajua kwamba kinasukumwa kwenda Magharibi. Mahali kitu kinapotazama na mahali kinapokwenda ni mambo mawili, na kila moja lina mstari wake katika grafu. Mchunguzi wa ajali haisomi mistari hii mmoja mmoja akaitolea hukumu. Huiweka sambamba juu ya mhimili mmoja wa wakati, akauliza: katika sekunde ile ile ambamo pua iliinuka, kimo kilifanya nini, na mwendo ulifanya nini?

Hesabu hii ina fundisho jingine. Kutoka futi 38,000, ambazo ni mita 11,600 hivi, ndege ilishuka hadi baharini kwa takriban dakika 3 na nusu, yaani sekunde 210. Tukigawanya, wastani ni mita 55 kwa sekunde, sawa na kipimo cha mwisho. Je, ina maana kwamba ndege ilishuka kwa kasi hiyo hiyo muda wote? La. Ilipoanza kushuka kutoka kilele chake kasi ya kushuka ilikuwa ndogo, kwa hiyo haina budi kuwa mahali fulani katikati ilizidi mita 55. Wastani huficha yaliyomo ndani yake. Mwanafunzi anayejua kukokotoa wastani lakini hajui kwamba wastani huficha, amepewa kisu bila kuonywa kuwa kinakata.

Badiliko lisilohisiwa

Miili yetu haihisi mwendo. Huhisi badiliko la mwendo. Abiria aliyefumba macho ndani ya basi linalokwenda sawasawa katika barabara nzuri hawezi kusema kama linakwenda kilometa 40 au 80 kwa saa. Dereva akikanyaga breki, hapo hujua. Nalo badiliko likiwa dogo na la polepole mno, mwili haulihisi kabisa. Hapo ndipo namba zilizoandikwa hushinda hisia.

Mfano wa kusikitisha unatuhusu watu wa Afrika Mashariki. Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi ikiwa na watu 114. Ilianguka katika kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kuruka, na wote wakafa. Kumbukumbu zilionyesha kwamba kwa muda wa sekunde 55 hakuna aliyeigusa mikono ya kuongozea ndege, na mtambo wa kujiendesha ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Katika muda huo ndege iliinamia upande wa kulia kidogo kidogo, hadi nyuzi 34. Usiku ulikuwa wa giza, na nje hapakuwa na alama ya kutazama. Hata tukichukulia kwamba mabawa yalianza yakiwa sawa, nyuzi 34 katika sekunde 55 ni wastani usiofika nyuzi 1 kwa sekunde. Mzunguko wa polepole kiasi hicho sikio la ndani la binadamu, ambalo ndilo linalotuonyesha wima na ulalo, haliutambui. King'ora kilipolia, rubani aliishika ndege kwa mshtuko, na harakati zake zikazidisha mwinamo badala ya kuuondoa.

Katika grafu, mstari wa mwinamo huo waonekana wazi ukipanda kama njia ya mlimani. Mtoto wa darasa la tano angaliuona. Lakini marubani hawakuwa na grafu mbele yao. Walikuwa na saa za vipimo zilizohitaji kutazamwa. Fundisho letu kama walimu ni hili: kuna mabadiliko yasiyoonekana kwa jicho la kila siku, ambayo huonekana tu yanapoandikwa kwa mpango na kuwekwa pamoja. Tutalirudia jambo hili tutakapolizungumzia daftari la mwalimu.

Chombo nacho chaweza kushuhudia uongo

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kilichoandikwa na chombo ni kweli. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikiwa na watu 157. Wote walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndege hiyo ilikuwa na vipimo viwili vya pembe ya hewa inayolijia bawa, kimoja kushoto na kimoja kulia. Mara tu baada ya kuruka, cha kushoto kilionyesha nyuzi 74.5, cha kulia hakikuzidi nyuzi 15.3. Ndege moja, hewa moja, majibu mawili.

Kinasa kiliandika yote mawili kwa uaminifu, kwa sababu kazi yake ni kuandika kile ambacho vipimo vinasema, si kile ambacho ni kweli. Ni msomaji ndiye aliyepaswa kuamua. Naye huamua kwa kuitazama mistari mingine: ndege ambayo hewa inaijia kwa pembe ya nyuzi 74 isingaliweza kupanda kama kimo kilivyoonyesha kwamba ilipanda. Basi kipimo cha kushoto ndicho kilichosema uongo. Kwa bahati mbaya, programu iliyokuwa ikiishusha pua ya ndege ilikuwa ikisikiliza kipimo kimoja tu, nacho ni hicho. Aina hiyo ya ndege, Boeing 737 MAX, ilizuiwa kuruka duniani kote kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Wanafunzi wetu wanapopima joto la maji au urefu wa miche bustanini, na kundi moja likapata jibu lililo tofauti sana na la wenzao, mara nyingi mwalimu hulifuta jibu hilo na kuandika "sahihi". Tunapendekeza asifute. Awaulize watoto: kipimo kipi tukiamini, na kwa nini? Watoto watakaporudi kupima tena, watakuwa wamefanya kazi ile ile ya mchunguzi wa ndege.

Hoja za wanaopinga

Zipo hoja tatu ambazo tumezisikia kwa wenzetu, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza husema kwamba ndege iko mbali na maisha ya mtoto wa kijijini. Tunakubali, wala hatusemi kwamba mtoto aanze na ndege. Twasema kwamba mwalimu aijue ndege, ili ajue anakompeleka mtoto. Mwalimu anayejua kwamba mwinamo wa mstari ni jambo zito hatauruka mwinamo anapofundisha safari ya baiskeli.

Ya pili husema kwamba ajali ni jambo la msiba, na si adabu kulifanya zoezi la darasani. Hoja hii twaichukulia kuwa nzito kuliko zote. Novemba 6, 2022, ndege iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba ilitumbukia katika Ziwa Viktoria, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafa. Wapo watoto mashuleni ambao msiba huo, au ajali ya basi, au ya boti, uliingia nyumbani kwao. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba kumbukumbu za ajali ni za mwanachuo na mwalimu, si za watoto wa shule ya msingi. Mtoto apewe baiskeli, basi, mpira na kobe. Lakini kwa watu wazima, kuzisoma kumbukumbu hizo kwa makini si kuwavunjia heshima marehemu. Yaliyoandikwa katika dakika zao za mwisho yamewaokoa wengine wasiohesabika. Kutoyasoma ndiko kungekuwa dharau.

Ya tatu husema kwamba muda hautoshi, kwa kuwa mtihani huuliza nukta, hauulizi mwinamo. Jibu letu ni kwamba mtoto aelewaye mwendo hujibu swali la nukta bila taabu, ilhali mtoto aliyekariri nukta hukwama mara swali linapogeuzwa kidogo tu. Muda unaoonekana kupotea mwezi wa kwanza hurudi mwezi wa tatu.

Namna ya kuanza darasani

Zana zinazohitajiwa ni kamba, chaki, saa yenye mshale wa sekunde, na ubao. Katika uwanja wa shule, wanafunzi wapige mstari wa mita 12 na kuutia alama kila mita moja. Mtoto mmoja atembee juu ya mstari huo kama apendavyo. Mwingine apige kofi kila baada ya sekunde 5. Wa tatu aandike mwenzao yuko alama ya ngapi. Tuseme wamepata namba hizi, kuanzia sekunde 0 hadi sekunde 30: 0, 6, 12, 12, 12, 8, 0.

Watoto wengine ambao hawakuuona mwendo wapewe namba tu, nao waseme nini kilitokea. Wakisema "alikwenda, akasimama, akarudi", wamesoma. Wakisema "alirudi mbio zaidi mwishoni kuliko alipoanza kurudi", wamesoma vizuri, kwa kuwa katika sekunde 5 za kwanza za kurudi alikwenda mita 4, na katika 5 za mwisho alikwenda mita 8. Mtoto akiuliza, "Je, huenda katika zile sekunde alizosimama alikwenda nyuma kidogo akarudi?", mwalimu amsifu mbele ya wenzake, kwa maana ametambua kwamba baina ya nukta na nukta hakuna aliyeandika.

Ndipo grafu ichorwe, baada ya maneno, si kabla. Hapo mwalimu ajihadhari na kosa ambalo watoto wengi hulifanya: huiona grafu kama picha ya njia. Mstari ukipanda husema "alipanda mlima". Ukilala husema "alitembea tambarare". Dawa yake ni kuwarudisha uwanjani. Mtoto mmoja aishike grafu, mwingine aitembee, na darasa liseme kama mwendo wake umelingana na mstari. Wakikosea watacheka, na hawatasahau.

Utaratibu wa maswali uwe ule ule siku zote: kwanza, nini kilitokea, pili, tunajuaje, tatu, kwa nini kilitokea. Swali la nani alaumiwe lisiwepo kabisa. Mapatano ya kimataifa yanayoongoza uchunguzi wa ajali za ndege yanasema kwamba lengo pekee la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Mtoto aliyezoezwa kueleza kabla ya kuhukumu atakuwa raia asiyebebwa na uvumi.

Daftari la mwalimu

Tumesema kwamba tutarudi kwa mwalimu mwenyewe. Kila mwalimu ana kinasa kumbukumbu chake, nacho ni daftari la mahudhurio pamoja na daftari la alama. Swali ni kama analisoma, au analijaza tu.

Tufikiri juu ya watoto wawili waliopata alama 50 katika jaribio la mwezi Agosti. Katika orodha majina yao hufuatana, na katika ripoti huandikiwa maneno yale yale: "Aongeze bidii." Lakini tukifungua kurasa za nyuma, mmoja alipata 30 mwezi Machi, 38 mwezi Mei, na 44 mwezi Julai. Mwingine alipata 78, 70, na 61. Wako katika kimo kimoja, kama ndege ile katika futi 35,000. Mmoja anapanda na mwingine anaanguka. Kumwambia anayepanda "aongeze bidii" ni kumvunja moyo bure. Kumwambia anayeanguka maneno hayo hayo ni kutoona kwamba kuna jambo limetokea nyumbani, au machoni pake, au masikioni, au katika njia ya kuja shule.

Yawezekana pia kwamba mtoto huyo hakuanguka ghafla. Alama zilipungua kidogo kidogo, na mahudhurio yakapungua kidogo kidogo, siku moja wiki hii, siku mbili wiki ijayo, kwa kiasi ambacho jicho la kila siku haliwezi kukihisi. King'ora hulia pale anapoacha shule, na wakati huo kila mtu hushika usukani kwa pamoja na kwa mshtuko. Mwalimu aliyechora grafu ndogo ya kila mtoto, hata kwa penseli katika ukurasa wa mwisho wa daftari, angaliuona mwinamo mapema.

Wala asitegemee kipimo kimoja. Mtihani ni chombo, na chombo chaweza kushuhudia uongo. Mtoto aliyefanya jaribio akiwa na homa ya malaria ameandikiwa namba ambayo ni sahihi katika daftari lakini si kweli juu yake. Mwalimu alinganishe mtihani na kazi za kila siku, na majibu ya mdomo, na macho ya mtoto anapouliza swali.

Hitimisho

Kwa kifupi, tunawasihi wanachuo wanaotoka vyuoni mwaka huu wayachukue mambo matatu. Wafundishe mwinamo pamoja na nukta. Wafundishe mistari miwili au mitatu isomwe pamoja, na kila kipimo kiulizwe kama chastahili kuaminiwa. Na waanze kuizoea kazi hiyo kwa madaftari yao wenyewe kabla ya kuidai kwa watoto.

Wachunguzi wa ndege huanza kusoma baada ya chombo kuanguka, kwa kuwa ndiyo hali ya kazi yao. Mwalimu ana bahati ambayo wao hawana: kumbukumbu zilizomo mikononi mwake ni za mtoto aliye hai, anayekuja kesho asubuhi.